Bili ya Dobi wa Walden

Kilichonipeleka kwa Emerson, mwandishi wa Marekani wa karne ya 19, na wenzake hakikuwa mapenzi ya fasihi, ilikuwa ratiba. Nilikuwa nasomea uuguzi kwenye chuo kimoja hapa Massachusetts, na chuo kilitaka kila mwanafunzi achukue angalau somo moja la sanaa, upende usipende. Nikayaondoa yote yaliyogongana na shifti zangu, likabaki moja la jioni: fasihi ya Marekani ya mwanzo, kuanzia walowezi wa Plymouth hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nikajiandikisha kama mtu anavyorukia daladala ya mwisho, bila hata kusoma kibao kinasema inaenda wapi.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kufua. Wabongo wa huku kazi zote za namna hiyo tunaziita kubeba boksi, hata kama boksi lenyewe hulioni. Langu mimi lilikuwa mashuka na nguo za nyumba moja ya wazee huko Waltham. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha. Mashuka hayana shida, yote yanafanana. Kazi ni nguo za wazee wenyewe. Kila sweta lina jina la mwenyewe kwenye kola, limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na wino ukishafifia kwa kufuliwa sweta linakuwa yatima. Unapita nalo chumba kwa chumba ukiuliza la nani hili. Mwenzangu wa shifti, mama mmoja wa Kiganda, alikuwa akilikunja shuka lenye lastiki likatoka mraba mkavu kana kwamba limetoka dukani, jambo ambalo mimi limenishinda hadi leo. Kitabu cha darasani nilikiweka juu ya mashine ya kukaushia, penye joto, nikawa nasoma nikisubiri ilie.

Mada ya muhula mzima ilikuwa kujitegemea. Mwalimu aliiandika ubaoni wiki ya kwanza, akasema ukiielewa hiyo umewaelewa Wamarekani nusu. Nikacheka kimoyomoyo. Mimi nimesoma shule ya msingi Tanga, na kwetu kujitegemea kulikuwa kipindi kwenye ratiba. Siku moja unakuja na jembe, siku nyingine unakuja na ndoo, mahindi ya shamba la shule yanavunwa na mwanafunzi hajui yameishia wapi.

Tulianza na Benjamin Franklin, na huyo nilimpenda mapema. Mtoto wa mtengeneza mishumaa na sabuni wa Boston, alizaliwa 1706, akawekwa kwa kaka yake kujifunza uchapaji, wakagombana, akatoroka akiwa na miaka 17. Anaingia Philadelphia amechoka, mfukoni hana kitu cha maana, ananunua mikate mitatu mikubwa, mmoja anatafuna, miwili ameibana makwapani, anakatiza mitaani hivyo hivyo. Mwanamke aliyekuja kuwa mkewe alikuwa amesimama mlangoni kwao akamwona anapita, kituko kitupu. Franklin anasimulia yote hayo kwa raha, mzee wa miaka 65 anamwandikia mwanawe. Ile mikate miwili iliyobaki alimpa mama mmoja na mtoto wake waliosafiri naye kwenye boti.

Wenzangu darasani walishika zaidi orodha yake ya maadili 13, na lile daftari lake la kuweka alama kila alipokosea. Mimi nilishika mkokoteni. Alipofungua kiwanda chake cha uchapaji alihakikisha si tu kwamba anachapa kazi, bali pia kwamba watu wanamwona akichapa kazi, na mara nyingine alisukuma karatasi alizonunua kwenye mkokoteni, yeye mwenyewe, barabarani, mchana kweupe. Anakiri wazi kuwa ilikuwa kwa ajili ya jina lake. Kwa nini jina? Kwa sababu jina ndilo linalokopesheka. Na kweli, alipokwama, mbia wake hana hela na wadai wako mahakamani, marafiki wawili, William Coleman na Robert Grace, walimfuata kila mmoja kwa wakati wake, bila mwingine kujua, wakajitolea kumpa fedha zote alizohitaji. Akachukua nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Yote haya yamo humo humo kitabuni. Mkewe Deborah naye yumo: anakunja na kushona vijitabu, anauza dukani, ananunua matambara makuukuu ya kitani kwa ajili ya watengeneza karatasi. Mwanamume wa mfano wa kujitengeneza mwenyewe, na ukifungua kitabu chake anakutajia kwa majina watu waliomtengeneza.

Emerson alikuja baadaye, na hapo mambo yakawa magumu.

Insha yake ya kujitegemea ilitoka mwaka 1841. Ni maandishi ya mtu anayekuamsha usingizini kwa kukumwagia maji. Jiamini, anasema. Usifuate mkumbo. Jana ulisema hili na leo unaona vingine, sema unavyoona leo. Usingizi uliniisha kweli. Kisha nikafika pale anaposema yuko tayari kumkwepa baba na mama na mke na ndugu pale kipaji chake kinapomwita, na katika aya hiyo hiyo anauliza kuhusu maskini: kwani ni maskini wangu mimi? Anaona uchungu, anasema, kwa kila dola, kila senti anayompa mtu asiyemhusu. Mara nyingine hushindwa nguvu akaitoa, lakini anaiita dola ya uovu.

Simu yangu ilikuwa mfukoni wakati nasoma hayo. Kundi la familia lilikuwa na mchango wa harusi, kundi la watu wa mtaani kwetu lilikuwa na mchango wa msiba, na ada ya mtoto wa dada ilikuwa inangoja mwisho wa mwezi. Mtu yeyote aliyewahi kuishi ughaibuni anajua simu inavyokuwa nzito. Kwa hiyo sitasema Emerson hakunigusa. Alinigusa mahali panapouma, na kuna dakika nilitamani kupiga picha ile aya niitume kwenye makundi yote mawili.

Lakini mimi nina tabia ya kuuliza mtu anakula wapi. Nikauliza. Emerson alifiwa na baba akiwa mdogo, mama yake akawalea yeye na ndugu zake kwa kupangisha wageni vyumba. Alisoma Harvard, akawa mchungaji Boston, akaoa binti aitwaye Ellen Tucker, ambaye kifua kikuu kilimchukua mwaka 1831 akiwa na miaka 19. Mwaka uliofuata Emerson akaacha uchungaji kwa sababu dhamiri yake haikukubaliana tena na ibada ya meza ya Bwana. Ujasiri huo siupunguzi hata chembe. Ila urithi wa Ellen ulipokuja kugawanywa, ulimpatia takribani dola 1,200 kila mwaka. Hizo ndizo zilizomwezesha kuhamia Concord, kuandika, na kuzunguka akitoa mihadhara. Sisemi hivi kumsuta. Mtu aliyezika mke kijana hahitaji kusutwa na mimi. Nasema tu kwamba aliyeandika kuhusu dola ya uovu alikuwa anasimama juu ya dola za marehemu.

Na maisha yake yaliipinga kalamu yake. Nyumba yake haikuisha wageni. Alimsaidia rafiki yake Bronson Alcott, mwanafalsafa aliyekuwa na mawazo mengi na mapato machache, kwa miaka na miaka. Alimpa Henry David Thoreau, mwandishi kijana wa hapo hapo Concord, chumba, kazi, na mwishowe ardhi. Mkewe wa pili, Lidian, ndiye aliyeendesha nyumba hiyo yote. Nikimweka Emerson wa insha na Emerson wa Concord mezani pamoja, wa pili ndiye jirani ningemtaka.

Hata hivyo kuna kitu kimoja cha Emerson nilichokichukua mzima mzima, bila kukikata. Anasema mtu huyatupa mawazo yake mwenyewe kwa sababu tu ni yake, halafu siku moja anayakuta kwenye kitabu cha mtu mkubwa, yamerudi na utukufu asioweza kuudai. Mimi nimelelewa kwenye shule za kukariri. Mwalimu anasema, unaandika, unamrudishia vile vile, unapata alama. Sijawahi kufundishwa kwamba jambo nililoliona mimi, kwa macho yangu, linaweza kuwa hoja. Kwa hiyo wiki tulipofika kwa Thoreau, na mimi nikaona jambo, sikulitupa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Thoreau, kama unavyojua au usivyojua, alikwenda kuishi kando ya ziwa dogo la Walden, nje kidogo ya Concord, tarehe 4 Julai 1845. Akajijengea kijumba cha futi 10 kwa 15, akalima maharage, akakaa miaka miwili na miezi miwili. Kitabu kilitoka mwaka 1854. Sura ya kwanza ni ya uchumi na ina hesabu kama za duka: mbao, misumari, chokaa, kioo, bawaba, komeo, kila kimoja na bei yake. Nyumba nzima iligharimu dola 28 na senti 12 na nusu. Maharage yalimwachia faida ya dola 8 na senti 71 na nusu. Nusu senti hizo huwafurahisha sana wasomaji. Zilinifurahisha na mimi, mpaka nikafika kwenye mstari mmoja katikati ya hesabu za chakula na mavazi. Anasema amejumlisha matumizi yote ya fedha isipokuwa kufuliwa na kushonewa nguo, ambako kwa sehemu kubwa kulifanyika nje ya nyumba, na bili zake bado hazijafika.

Nilisoma mstari huo mashine ikiwa inalia na sikwenda kuifungua.

Miaka kadhaa imepita, kitabu kimeandikwa na kuandikwa upya, mtu amehesabu hadi nusu senti ya maharage, lakini bili ya dobi bado haijafika! Haijafika kwa sababu aliyefua hakuandika bili. Wengi husema ilikuwa familia yake, mama yake na dada zake, ambao nyumba yao ilikuwa mwendo mfupi tu kwa miguu. Yeye mwenyewe anakiri pia kwamba alikuwa akienda kula kwa watu mara moja moja, kama alivyozoea.

Darasani nikanyoosha mkono nikasema. Kulikuwa kimya kidogo. Kijana mmoja akasema ni utani, Thoreau anatania. Nikamjibu kwamba naamini ni utani, ila mimi ndiye ninayefua. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani, akatuambia tufungue ukurasa, tuusome mstari ule kwa sauti. Kisha akanipa kazi ya mwisho wa muhula: pitia vitabu vyote vya mada hii, uniorodheshee kila mkono unaosaidia na unaotajwa au kufichwa. Usiandike sifa wala lawama, akasema. Leta hesabu.

Basi nikaenda Walden kwenyewe. Kutoka Waltham treni ya Fitchburg inakupeleka Concord vituo vichache tu, na kabla hujafika inapita kando kabisa ya ziwa. Reli hiyo ilikuwepo tayari wakati wa Thoreau, filimbi yake imo kitabuni. Kwa hiyo ondoa picha ya mtu aliyepotelea porini. Kutoka stesheni unatembea kwa miguu. Karibu na maegesho ya magari wamejenga mfano wa kile kijumba, na ndani kuna kitanda, meza, jiko la chuma na viti. Niliingia nikasimama katikati. Kwa kweli ni pazuri. Nyumba yangu ya kupanga haikuwa kubwa zaidi ya hapo kwa mengi. Mahali penyewe palipokuwa na nyumba halisi ni upande mwingine wa ziwa, pamezungushiwa nguzo fupi za mawe zenye mnyororo, na pembeni kuna lundo la mawe ambalo wageni wamekuwa wakiongeza moja moja. Ilikuwa kiangazi, watu wanaogelea, watoto wanapiga kelele, na katikati ya yote treni ikapita.

Ardhi ya pale ilikuwa ya Emerson. Shoka la kuanzia kazi aliazima, na anajisifu kwamba alilirudisha likiwa na makali kuliko alivyolipokea, jambo ambalo kwa kweli ni adabu ya kuazima vitu. Mbao alizipata kwa kununua kibanda cha Mwairishi mmoja, James Collins, mfanyakazi wa reli hiyo hiyo, kwa dola 4 na senti 25. Makubaliano yalikuwa familia ihame kesho yake saa kumi na moja alfajiri. Thoreau anasema alikutana nao njiani, mali yao yote imo kwenye furushi moja kubwa, isipokuwa paka. Paka alikimbilia msituni. Nyumba maarufu kuliko zote za kujitegemea katika fasihi ya Marekani ilijengwa kwa kuta za familia ya wahamiaji waliohama alfajiri. Kitabu hakituambii walikwenda wapi.

Kuna Mwairishi mwingine, John Field, ambaye Thoreau alimkimbilia siku ya mvua. Nyumba inavuja, kuku wameingia ndani, mtoto amekaa magotini kwa baba yake, na mke ana tambara la kusugulia sakafu mkononi siku zote, ingawa Thoreau anaongeza, kwa kejeli, kwamba hakuona popote lilipofanya kazi. Field anageuza udongo wa majaruba ya mwajiri kwa jembe, dola 10 kwa ekari. Na Thoreau, mgeni aliyejihifadhi mvua, anaanza kumhubiria: acha chai, acha kahawa, acha siagi na nyama, hutahitaji kufanya kazi ngumu hivyo kuvilipia. Mume akashusha pumzi. Mke akashika kiuno, akamkodolea macho. Anasema walionekana kujiuliza kama wana mtaji wa kutosha kuanza maisha ya namna hiyo.

Huyo mama na tambara lake simsahau. Sakafu inayovuja mvua huwezi kuimaliza kusugua. Dobi yeyote angemwambia Thoreau hivyo.

Na sisi tumo pia humo, kwa namna yake. Mwishoni mwa kitabu Thoreau anasema haina maana mtu kuizunguka dunia ili akahesabu paka wa Zanzibar. Afadhali aizunguke nafsi yake. Niliusoma mstari huo mara mbili kuhakikisha. Ukweli ni kwamba watu wa jimbo lake hawakuwa wanakwenda Zanzibar kuhesabu paka. Meli za Salem, kaskazini kidogo ya Boston, zilikuwa zikitia nanga Unguja kuchukua pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Marekani ilisaini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza, mtu wa Salem, alifika 1837. Walichokileta zaidi ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichofumwa kwenye viwanda vya huku huku New England. Ndiyo merikani. Bibi yangu alikiita hivyo hadi anaingia kaburini. Kilipanda na misafara hadi Ujiji, kikawa fedha. Na pamba yake ilivunwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Kwa hiyo wakati mtu anakaa peke yake msituni akipima uhuru wake kwa nusu senti, kilomita chache kutoka kwake vinu vilikuwa vinafuma jasho la mtu mwingine na kulipeleka kwetu. Haki yake nimpe: Thoreau alilijua hilo la utumwa. Alilala jela usiku mmoja mwaka 1846 kwa kukataa kuilipa kodi serikali inayoulinda. Asubuhi akatolewa, maana mtu mwingine alikuwa amemlipia. Inasemekana ni shangazi yake.

Nilipokuwa naandika kazi hiyo nilimpigia mjomba, mwalimu mstaafu, aliyefundisha miaka ya Azimio la Arusha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mashuka yanaendeleaje?"

Nikamweleza habari za Emerson. Akasikiliza yote, kisha akaniuliza: "Sasa huyo mtu akishajitegemea, nyumba kumi iko wapi?" Akanikumbusha ngazi iliyomo kwenye Azimio, ambayo zamani watoto wa shule walikuwa wanaijua kwa kichwa: mtu akijitegemea, nyumba kumi zitajitegemea, nyumba kumi zikijitegemea, kata itajitegemea, kisha wilaya, mkoa, na taifa zima. Mtu ni ngazi ya chini kabisa, ya kwanza. Kwa Emerson, akasema, mtu ndiye ngazi na ndiye paa.

Nikamwambia ngazi ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nzuri kwenye karatasi, ila kwetu shuleni ilipandwa kutokea juu. Mahindi yale yalikwenda wapi?

Akanyamaza kidogo. "Tuliyala sisi walimu," akasema. "Mshahara ulikuwa unachelewa miezi." Tukacheka wote, yeye zaidi. Kisha akasema jambo lililoingia kwenye kazi yangu karibu kama lilivyo: wanaohubiri kujitegemea, wa kwao na wa kwetu, waulize kwanza mavuno yalihifadhiwa wapi.

Swali hilo lilikuwa limejibiwa kitambo na Frederick Douglass. Simulizi yake ilitoka Boston mwaka 1845, mwaka ule ule Thoreau alipohamia Walden, na mimi naona ajabu kwamba vitabu hivi viwili havisomeshwi siku moja. Douglass alizaliwa mtumwa Maryland. Anajifunza herufi kwa mke wa bwana wake Baltimore mpaka bwana anakataza. Baada ya hapo anabeba mikate mfukoni akitumwa, anawapa watoto wa kizungu wenye njaa mitaani, na wao wanamlipa kwa masomo ya kusoma. Kuandika anajifunza kwenye uwanja wa kuunda meli, kwa kutazama herufi ambazo maseremala huandika kwenye mbao kuonyesha ubao unakwenda upande gani wa meli. Sijawahi kusoma maelezo ya elimu yaliyonigusa kuliko hayo, na nimesomea ualimu wa watu wazima kidogo pia.

Lakini kwa hesabu zangu za muhula, sehemu kuu ilikuwa mshahara. Douglass anakuwa fundi wa kuziba mianya ya meli, analipwa dola moja na nusu kwa siku, na kila Jumamosi jioni anampelekea bwana wake senti zote. Akimpelekea dola 6, bwana mara nyingine humrudishia senti 6 kumtia moyo. Kisha mwaka 1838 anaomba aruhusiwe kujiajiri. Anaruhusiwa kwa masharti: atajitafutia kazi mwenyewe, chakula mwenyewe, malazi mwenyewe, nguo na zana mwenyewe, na kila wiki alete dola 3, mvua inyeshe au jua liwake, kazi iwepo au isiwepo. Ukitafuta mtu aliyejitegemea kwa kila kitu katika maandishi yote ya Marekani ya wakati huo, ndiye huyo. Alijitegemea kila kitu na bado alikuwa mali ya mtu.

Septemba mwaka huo akatoroka. Alivaa kama baharia na hati za kuazima. Anna Murray, mwanamke huru aliyekuja kuwa mkewe, alitoa fedha zake za kazi za ndani kumsaidia. New York alipokelewa na David Ruggles, New Bedford na Nathan Johnson, ambaye ndiye aliyempendekezea jina Douglass. Huko New Bedford mafundi wazungu walikataa kufanya kazi naye, basi akapasua kuni, akabeba makaa, akafagia mabomba ya moshi, akaviringisha mapipa ya mafuta. Boksi tupu. Anasema hakuna kazi iliyokuwa chafu au ngumu mno kwake, kwa sababu malipo yalikuwa yake mwenyewe.

Ukitegemea kwamba huyu sasa atatuhubiria kila mtu ajibebe, msome alivyosema kwenye mhadhara wake maarufu kuhusu watu waliojitengeneza wenyewe, aliokuwa akiutoa kwa miaka mingi kuanzia 1859. Mwanzoni kabisa anasema kwamba, kwa haki, watu wa namna hiyo hawapo duniani. Kisha ndipo anaendelea kusifu kazi, kazi, kazi. Yeye ndiye pekee katika orodha yangu aliyeanza kwa kulipa bili.

Nilipata alama nzuri, nikamaliza, nikaacha kufua baada ya muda. Ila somo halikuniacha, na kitabu cha mwisho nilikisoma peke yangu, hakikuwa kwenye orodha ya mwalimu. Ni simulizi ya Harriet Jacobs, iliyochapishwa Boston mwaka 1861. Alizaliwa mtumwa huko Edenton, North Carolina, na ili kumkwepa bwana aliyekuwa akimwandama alijificha kwenye dari ya kibanda cha bibi yake. Dari hiyo ilikuwa na urefu wa futi 9 na upana wa futi 7, na pale ilipoinuka zaidi, kimo cha futi 3. Alikaa humo karibu miaka saba, kuanzia 1835 hadi 1842. Mwaka ambao insha ya Emerson ilitoka, yeye alikuwa bado humo. Watoto wake aliwatazama kupitia tundu alilolitoboa ukutani. Aliwashonea nguo za Krismasi gizani. Aliandika barua na kuzipeleka kwa siri zitumwe kutoka New York, ili bwana wake adhani ameshafika huko. Chakula kilipandishwa usiku na bibi na ndugu zake, miaka yote hiyo, na mmoja wao angeteleza ulimi siku moja tu, wote wangeangamia.

Alipokuwa huru Kaskazini alifanya kazi ya kulea watoto wa watu, na kitabu alikiandika usiku, wamelala. Kwenye ukurasa wa jina aliweka maneno kwamba kimeandikwa na yeye mwenyewe. Hawakumwamini. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu wengi walikichukulia kuwa riwaya ya mhariri wake mzungu, Lydia Maria Child. Ilibidi miaka ya 1980 mtafiti Jean Fagan Yellin aende kuchimba kwenye makabrasha ya kale, akakuta barua za Jacobs kwa mkono wake, anahangaika na sura, anaomba radhi kwa tahajia, anasema muda wa kuandika hana. Zilikuwepo kwa sababu rafiki aliyeandikiwa, Amy Post wa Rochester, hakuzitupa.